Nukta Zilizolala

"Tia saini," Mkuu wa kituo alisema, akalisukuma faili mpaka likagota kwenye kiwiko cha mpelelezi.

Mpelelezi hakuigusa kalamu. Kituoni walimwita Msumari, kwa kuwa akishagongwa mahali hang'oki. Wapo waliosema hivyo kwa kumsifu na wapo waliosema kwa kuchoshwa naye. Mkuu alikuwa wa kundi la pili.

"Halijaiva, afande."

"Limeiva mpaka linaungua. Mtu wa kupaka rangi maghorofa kaanguka kwa sababu kulabu ya mkanda wake wa usalama imekatika. Kulabu kapewa na shemeji yake. Shemeji ni fundi wa tanuru kwenye kiwanda kilekile kinachozitengeneza. Na shemeji hakumpenda marehemu, mtaa mzima unalijua hilo. Unataka nini zaidi, nikuchoree picha?"

"Kulabu hukatika hata zikitolewa na wapendanao."

"Za kiwanda hiki hazikatiki. Na picha ninayo, kwa taarifa yako."

Alifungua droo akatoa karatasi pana, akaikunjua juu ya meza kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Ilikuwa na mistari mitatu mirefu ya mlalo: mweusi katikati, mwekundu juu, mwekundu chini. Kuufuata ule mweusi, kutoka ukingo hadi ukingo, kulikuwa na nukta za wino zilizounganishwa kwa penseli.

"Chati ya wastani," Mkuu alisema. Neno lenyewe alikuwa amejifunza asubuhi ile na lilimkaa mdomoni vizuri. "Meneja kaileta mwenyewe. Kila saa wanachukua kulabu nne, wanazivuta kwa mashine mpaka zikatike, wanatafuta wastani wa nguvu zake, wanaweka nukta. Nukta ikivuka mstari mwekundu, kuna jambo. Haya, nionyeshe iliyovuka."

Mpelelezi alipitisha kidole. Hapakuwa na hata moja.

"Kwa hiyo kiwanda ni kizima. Kiwanda kikiwa kizima na kulabu moja ikatoka mbovu, hapo kuna mkono wa mtu. Na mkono uliokuwa karibu ni mmoja tu. Kesho asubuhi anapanda mahakamani."

Msumari aliendelea kuitazama karatasi. Chati hakuzijua, ila watu aliwajua. Mashahidi wanaosema kweli hupishana kidogo: huyu atasema shati lilikuwa la bluu, yule atasema la kijani. Wakisema yote sawasawa, neno kwa neno, ujue wamekutana mahali. Na hizi nukta hazikupishana hata kidogo. Zilikuwa zimelala juu ya mstari mweusi kama kuku juu ya kijiti.

"Nyumba yenye watoto haikosi kelele, afande. Hii imenyamaza mno."

"Ukirudi mikono mitupu, utatia saini."

"Nikirudi mikono mitupu, utaitia mwenyewe," alisema, akaikunja chati na kuondoka nayo.

*

Fundi wa tanuru alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, pande la mtu, mikono imejaa makovu ya moto kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya maungamo waliyomwandikia. Alikuwa ameigeuza uso chini.

"Kama umekuja na kalamu, rudi nayo," alisema kabla mpelelezi hajakaa.

"Sina kalamu. Nina maswali. Shemeji yako hukumpenda?"

"Sikumpenda. Andika hivyohivyo. Alimwoa dada yangu kimyakimya, mimi nikaja kusikia kwa muuza mkaa. Mwaka mzima sikukanyaga kwao."

"Halafu ghafla ukampelekea kulabu."

"Si ghafla. Dada alinipigia simu, akasema mume wake anapanda ghorofa na kulabu iliyoliwa na kutu. Nikanunua moja pale kazini, nikampelekea. Mimi si mtu wa maneno, mama. Ile ndiyo ilikuwa namna yangu ya kusema yaishe." Alitazama mikono yake. "Niliifunga kwenye mkanda wake mwenyewe. Kwa mikono hii."

"Uliichagua?"

"Nilitia mkono kwenye boksi nikatoa ya juu."

"Wenzangu wanasema uliichoma vibaya makusudi."

Fundi alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Wenzako wamewahi kuona tanuru? Linameza kulabu mia kwa mkupuo mmoja. Kuharibu moja peke yake ni kama kutia chumvi kwenye kijiko kimoja cha mchuzi ulio chunguni."

"Kwa hiyo ikiwa moja ni mbovu..."

"Mia ni mbovu! Unadhani nakosa usingizi kwa ajili ya kunguni wenu?"

Msumari alisogeza kiti. "Endelea."

Matanuru yalikuwa mawili, fundi alieleza. La kwanza jipya, kulabu hulazwa kwenye trei. La pili la zamani, hutundikwa kwa waya. Hilo la pili lilikuwa linaumwa: koili zake zimechoka, joto halifiki, chuma kinatoka hakijaiva sawasawa. Alimwambia meneja. Akaambiwa chati imetulia, aache uchuro. Alimwambia tena, mbele ya watu, na kwa sauti. Tangu siku hiyo akaitwa mkorofi.

"Na kituko kingine. Tukabadilishiwa joto la tanuru la kwanza, lile zima. Kulabu zake zikaanza kutoka ngumu kuliko zamani. Nikauliza, mbona mgonjwa ni huyu na dawa mnampa yule? Nikaambiwa nifanye kazi."

Mpelelezi alitoa mfuko wa plastiki wenye kipande cha kulabu iliyokatika, akauweka mezani. Kwenye shingo ya chuma kulikuwa na duara jembamba lililopauka, kama alama inayobaki kidoleni kwa aliyevua pete.

"Hii alama ni ya nini?"

Fundi aliinama. Aliifuata alama kwa ukucha, juu ya plastiki.

"Waya. Hiyo imetoka tanuru la pili."

Kwenye kibaraza cha nje mwanamke alikuwa amesimama. Viti vilikuwepo, lakini hakukaa. Alikuwa na mikono mipana kama ya kaka yake.

"Wewe ndiye Msumari?"

"Ndiyo, dada. Pole kwa msiba."

"Wakwe zangu wanataka nisimame kizimbani nimseme kaka yangu. Nimekataa, wakanifungia mlango. Wafunge tu. Kaka hakumpenda mume wangu, hilo kweli. Lakini kumchukia mtu na kumuua ni safari mbili, na nauli zake si moja."

"Una pa kwenda?"

"Usinionee huruma. Nenda kazini."

*

Meneja wa uzalishaji alimpokea mpelelezi langoni kwa tabasamu na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alimwita dada yangu, akamwagizia soda asiyoiomba, akamtembeza akimwonyesha usafi wa sakafu. Msumari aliiacha soda kwenye dirisha la kwanza alilokutana nalo.

"Nataka kuonana na anayeweka nukta."

Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kioo linalotazama karakana. Mkaguzi wa ubora alikuwa dada mmoja mfupi, miwani ameipandisha juu ya nywele, penseli sikioni. Meneja alijiegemeza mlangoni kama anayengoja kuhudumiwa.

"Meneja, sidhani kama umekosa kazi," mpelelezi alisema.

Tabasamu lilibaki, mwenye tabasamu akaondoka. Ila kabla ya kuondoka aliinama karibu na sikio la mpelelezi. "Huyu binti ni mgeni kidogo katika kazi," alinong'ona. "Kama kuna namba zilizokosewa, sitashangaa."

Msumari alilihifadhi hilo. Akaikunjua chati mezani.

"Nukta hizi unaziweka wewe?"

"Mimi."

"Unazitoa wapi? Kwenye mashine au kichwani?"

Mkaguzi alishusha miwani machoni. "Unaniuliza au unanishtaki?"

"Bado sijaamua."

"Basi amua haraka, kwa sababu sijapika namba hata moja, na atakayesema nimepika aje aseme hapa mbele yangu. Hata mimi niliwaambia nukta hizi zimelala mno. Nikaambiwa nimshukuru Mungu."

"Zimelala mno maana yake nini? Nieleze kama mtu asiyejua."

Mkaguzi alichukua penseli. Hasira haikumwondoka, ila ilipata kazi ya kufanya.

"Kulabu haziwezi kutoka sawasawa zote. Hii itakuwa na nguvu kidogo, ile itaizidi kidogo. Ukichukua nne ukatafuta wastani, wastani nao utapanda na kushuka. Hiyo ni kawaida ya kiwanda, wala haitishi. Mistari myekundu ni uzio: inakuambia kawaida inaishia wapi. Nukta za haki hutangatanga humo ndani, huku zikikaribia uzio wa juu, huku wa chini. Ikivuka, unasimamisha kazi ukatafute kilichoingia."

"Nani anasema uzio uwe mpana kiasi gani? Mteja?"

"Hapana. Kulabu zenyewe. Unatazama ndani ya kila sampuli, ile ngumu kuliko zote na ile dhaifu kuliko zote zimepishana kiasi gani. Zikipishana kidogo, uzio unakuwa mwembamba. Zikipishana sana, mpana."

"Na huu?"

"Huu ni mpana kama uwanja wa mpira, na nukta zote zimejibanza katikati. Nani mwenye uwanja mzima akacheza kwenye duara la kati tu?"

"Nani aliuchora?"

"Meneja. Zamani nilikuwa navuta kulabu kwa mkono wangu, naona kila moja imekatikia wapi, uzio napiga hesabu mwenyewe. Tangu walipofanya kile walichokiita marekebisho, mashine imewekewa mlango na kufuli. Anavuta msaidizi wa meneja. Mimi naletewa wastani peke yake, umeshatafunwa, kama chakula cha mgonjwa."

Msumari aliinua macho. Ukutani, kando ya msumari uliotundikiwa chati, rangi ya ukuta ilikuwa imefifia kwa moshi na vumbi la miaka, isipokuwa sehemu moja ya mstatili iliyobaki safi, nyeupe, ukubwa uleule wa chati.

"Hapo palikuwa na nini?"

"Mwenzake. Chati ya tofauti. Ile ndiyo inayoonyesha kulabu za sampuli moja zimepishana kiasi gani. Hizi mbili hutundikwa pamoja, moja bila nyingine ni kama jicho moja. Meneja aliing'oa. Alisema inachafua ukuta."

Mpelelezi alisimama. Mpaka dakika hiyo alikuwa akimdhania mkaguzi, na meneja alikuwa ameipalilia dhana hiyo kwa mdomo wake. Mbona alikuwa na haraka hivyo ya kuipalilia?

"Kulabu zikishavutwa zikakatika, vipande hutupwa wapi?"

*

Vilitupwa kwenye pipa nyuma ya karakana, vikingoja kuyeyushwa upya. Utaratibu mmoja wa zamani hakuna aliyekumbuka kuufuta: kila sampuli ilifungwa waya, vipande vya kulabu nne pamoja. Msumari alimwita mmoja wa askari wawili aliokuja nao, akamwamuru asimame penye pipa na asiruhusu mtu kuligusa. Kisha akakunja mikono ya shati, akatoa furushi la kwanza.

Akazigeuza kulabu moja moja. Mbili zilikuwa na duara lililopauka shingoni. Mbili hazikuwa nalo.

Furushi la pili: mbili na mbili. La tatu: mbili na mbili. Mkaguzi, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alisogea, akachuchumaa, akaanza kufungua mwenyewe. Mikono yake ilikwenda mbio. Mbili zenye duara, mbili zisizo nalo. Pipa likaisha nusu.

"Nani anachagua kulabu za kupimwa?" mpelelezi aliuliza.

"Kanuni ni kuziokota tu, bila kuchagua. Msaidizi anakuja na trei imeshajaa."

"Ukiokota bila kuchagua, saa nyingine zitatoka tatu kwa moja, au zote nne za tanuru moja."

"Lazima," mkaguzi alisema. "Bahati haina adabu hivi." Alikaa chini, juu ya vumbi, na gauni lake la kazi. "Mungu wangu. Wamezichanganya kwa kipimo."

"Nieleze."

"Hizi zisizo na duara, za tanuru la kwanza, tazama zilivyonyooka kabla ya kukatika. Zilipigana. Hizi zenye duara zimekatika pale zilipo. Sasa weka ngumu mbili na dhaifu mbili kwenye kila sampuli. Wastani utatoka uleule, kila saa, siku zote, kwa sababu mchanganyiko ni uleule. Na kwa kuwa ndani ya sampuli zinapishana vibaya sana, uzio unapanuka. Nukta hazina kinachozisukuma, na ukuta umesogezwa mbali. Kwa nini zisilale?" Alivua miwani akaipangusa kwa pindo la gauni, ingawa vidole vyake vilikuwa vichafu zaidi. "Ni kama fundi cherehani ampime mtu mrefu na mtu mfupi, halafu ashone suruali mbili za wastani. Kwenye daftari hajakosea. Barabarani wote wawili wataaibika."

"Na chati ya tofauti ingesema?"

"Ingepiga mayowe siku ya kwanza."

Ndiyo maana iling'olewa. Msumari alijifuta mikono. Mambo yalikuwa yamepangana: tanuru la pili limedhoofika, la kwanza limekazwa ili kuubeba wastani, sampuli zimechanganywa ili wastani usitikisike, chati pekee ambayo ingeweza kusema imeondolewa ukutani. Kilichobaki ni kuona kwa macho.

Meneja alikuwa tayari amekuja, akitembea kwa haraka ya mtu anayejitahidi asikimbie.

"Dada yangu, hili pipa ni takataka."

"Nifungulie chumba cha mashine."

"Kile chumba ni cha hatari. Na hati yako ya upekuzi, nijuavyo mimi, ni ya kumtafutia ushahidi yule fundi."

"Ni ya kupekua mahali pake pa kazi. Mahali pake pa kazi ni kiwanda." Alinyoosha kiganja. "Ufunguo, au nivunje kufuli na kukuandikia kosa la pili."

"La pili? La kwanza ni lipi?"

"Ndiyo tunakwenda kuliona."

*

Mkaguzi aliiendea mashine kama mtu anayerudi kwake baada ya kufukuzwa. Msumari alikuwa amekwenda ghalani mwenyewe na kutoa kulabu kwenye maboksi yaliyokwisha kufungwa tayari kwa mteja, akazigawa mafungu mawili kwa alama ya shingoni. Kiwango cha mteja kilikuwa kila kulabu ihimili tani mbili, maana mtu akidondoka ghafla huivuta kwa nguvu ya mara nyingi ya uzito wake.

Wakaanza na zisizo na duara. Mashine ikaguna, sindano ikapanda, ikapita mbili, ikapita na tatu, chuma kikajinyoosha kwa ubishi, kisha kikaachia kwa kishindo kilichotikisa dirisha. Meneja alipumua.

"Umeona?"

"Weka yenye duara," mpelelezi alisema.

Sindano ilikuwa ndiyo kwanza inaivuka tani moja. Kulabu haikuwa na kishindo. Ilikatika kwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu.

Mkaguzi aliweka nyingine, ikakatika vilevile. Akaweka nyingine.

"Kwa wastani," meneja alisema, na jasho lilikuwa limeanza kuivunja ile pasi ya shati, "kwa wastani tumekizidi kiwango. Chukua namba zote uzijumlishe."

"Mtu haning'inii kwenye wastani, meneja. Ananing'inia kwenye kulabu moja."

"Sampuli siziandai mimi. Muulize msaidizi wangu. Muulize huyu binti, yeye ndiye mtaalamu, aliona chati kila siku."

"Niliona ulichotaka nione!" mkaguzi alisema. "Hujiponyi kwa jina langu hapa."

"Msaidizi atahojiwa," mpelelezi alisema bila kupandisha sauti. "Sasa nakuuliza wewe jambo dogo tu. Tanuru la kwanza lilibadilishwa joto. Kwa nini?"

"Ni mambo ya kiufundi. Tulikuwa na mzigo wa mteja mkubwa, tusingeweza kuzima hata tanuru moja. Nililiongeza la kwanza ili kufidia la pili mpaka koili mpya zifike. Kiwanda chochote kingefanya hivyo."

"Kufidia la pili."

"Ndiyo."

"Chati ilikuwa imetulia. Fundi wako alipolalamika, ulimwonyesha nukta ukamwambia hakuna tatizo. Leo asubuhi umemwonyesha Mkuu wangu nukta hizohizo, kuthibitisha kwamba matanuru yote ni mazima na mbaya ni mtu." Msumari alisogea mpaka wakawa pua kwa pua. "Sasa ulijuaje kwamba la pili linahitaji kufidiwa?"

Meneja alirudi nyuma mpaka akagota kwenye mashine.

"Mfunge pingu," mpelelezi alimwambia askari wa pili, akatoa simu.

Mkuu alipokea kwa mlio wa kwanza na akaanza kufoka, kwa kuwa mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kumpigia. Nani kampa ruhusa ya kuvunja boksi za watu? Nani kamwambia aende kujifanya mhandisi? Msumari aliishika simu mbali kidogo na sikio, akangoja pumzi ya Mkuu iishe.

"Afande, nina pipa la ushahidi, mashine inayofanya kazi, na meneja aliyekiri mbele ya watu wawili bila kuguswa. Yule fundi alisema kweli tangu mwanzo, na alikuwa peke yake aliyeisema. Ukimpeleka mahakamani kesho, nitapanda kizimbani upande wake. Nitavaa sare."

Mkuu alikohoa.

"Dada yake bado yupo hapa nje. Nimwambie nini?"

"Mwambie amngoje kaka yake."

Alikata simu, akamgeukia meneja. "Kulabu zenye duara zilizokwisha kutoka ghalani ziko wapi?"

Meneja alitazama sakafu, ile sakafu safi. "Nyingi alichukua mkandarasi wa rangi. Yuleyule wa marehemu."

"Wale wenzake marehemu? Si walisimama kazi baada ya mtu kufa?"

"Walirudi. Walikuwa na wasiwasi, nikawapelekea nakala ya chati."

*

Jengo lilikuwa bado linavaa rangi, nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini saruji tupu. Wapaka rangi walikuwa wametapakaa juu ya majukwaa ya mabomba, na mmoja alikuwa peke yake upande wa mbele, amekaa kwenye kiti cha kamba karibu na paa, hana jukwaa, hana cha kushika.

Msimamizi alimzuia mpelelezi na mkaguzi langoni. Alikuwa na chati mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Hizi kulabu zimepimwa. Mimi nina karatasi, wewe una nini?"

"Nina maiti," Msumari alisema, akampita.

Aliokota kipande cha nondo chini, akagonga bomba la jukwaa kwa nguvu zake zote. Jengo zima likalia kama kengele. Vichwa vikachungulia.

"Shukeni! Shikeni mabomba, msiziegemee kulabu! Mmoja mmoja!"

"Asishuke mtu!" msimamizi alipaza. "Kazi ikichelewa nani atajibu?"

"Mimi!"

Kwa muda hakuna aliyetikisika. Halafu mmoja aliweka ndoo yake chini, akakumbatia bomba, akaanza kuteremka. Wa pili akamfuata. Mkaguzi alikuwa amekimbilia chini ya jukwaa, akiwaelekeza kwa sauti iliyokwisha kukauka wapi pa kuweka mguu.

Yule wa kiti cha kamba hakuwa na pa kuweka mguu. Msumari alipanda ngazi za ndani mbio, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka akaliona dirisha ambalo kivuli cha mtu kilikuwa kikining'inia nje yake. Mzee mmoja mwembamba, brashi mkononi, rangi nyeupe hadi kwenye nyusi.

"Usijitikise, baba. Nipe mkono."

"Sijamaliza ukuta wangu."

"Nipe mkono, nakuomba."

Alimshika kifundo cha mkono, kisha mkanda, akakaza kisigino ukutani na kumvuta. Mzee aliingia kwa tumbo, kama mzigo, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi la saruji. Kulabu haikukatika. Ililia tu, kidogo, ilipogonga fremu ya dirisha.

"Imenishika wiki nzima," mzee alisema akijipangusa, amekasirika. "Leo ingeniachia kwa nini?"

Mzee alijaribu kusimama. Alichungulia dirishani, akatazama chini kwa kitambo, kisha akakaa tena, polepole, mgongo ukutani. Alimshika mpelelezi mkono, akaung'ang'ania.

Walipofika chini, msimamizi alikuwa bado anafoka juu ya kazi iliyosimama. Hakuna aliyemsikiliza. Wapaka rangi walikuwa wamekaa juu ya lundo la mchanga, mikanda yao wameitupa katikati, na mmoja wao, bila kuagizwa na mtu, alikuwa amesimama mlangoni mwa jengo na nondo begani, anangoja aone nani atathubutu kupanda.